Seva ya studio na deni la SSD: mwongozo kamili wa kudhibiti diski ya kache

Kwa watu wa studio za video hapa Kisumu, kazi ya wiki huanza Jumamosi jioni. Mazishi mengi ya upande wa Siaya, Homa Bay na Ahero huwa Jumamosi, harusi vilevile, na kuanzia saa 12 vijana wa kamera wanapanda ngazi mmoja mmoja, kadi mfukoni, viatu vimejaa vumbi. Kila mmoja anataka kumwaga picha zake kwenye seva aende akalale. Nilikuwa nimewawekea SSD (diski ya kasi) ya GB 240 kama kache, yaani kituo cha muda, mbele ya diski nne za kawaida, nikamwambia mwenye studio kwamba foleni sasa imekwisha. Dakika ishirini za kwanza maneno yangu yalikuwa kweli. Kisha kasi ikaporomoka kutoka MB 110 kwa sekunde hadi chini ya 30, na simu yangu ikalia.

"Fundi, hii kitu yako imechoka."

"Haijachoka, mzee. Nipe nusu saa nije niione."

Nilipofika nilikuta SSD nzima kabisa, ila imelemewa na deni. Yafuatayo ni hatua nilizopitia usiku ule na wiki zilizofuata. Mfumo wenyewe ni Debian (aina ya Linux), diski nne katika RAID 5 ya `mdadm` (zimeunganishwa ili moja ikifa data ibaki), `bcache` juu yake (programu inayoifanya SSD kuwa kache), na Samba (programu ya kugawa faili kwenye mtandao) ikiwahudumia wahariri. Kama yako imejengwa tofauti kidogo, fikra ni zilezile. Kuna aya ya LVM (njia nyingine ya kupanga diski) mbele.

Tofautisha kujaa na kudaiwa

`bcache` imo ndani ya kerneli ya Linux tangu toleo 3.10 la mwaka 2013. Ukiiweka katika hali ya `writeback`, faili inayotoka kwa mhariri hutua kwenye SSD, mhariri anaambiwa "imepokelewa", kisha mfumo huishusha polepole kwenye diski kubwa. Katikati ya hapo, nakala pekee iliyopo duniani iko kwenye ile SSD. Linux huita data hiyo chafu. Mimi huiita deni, kwa sababu mwenye studio alielewa papo hapo nilipomwambia hivyo: umeshachukua mzigo dukani, jina liko kwenye daftari, bado kulipa.

Sehemu nyingine ya SSD hukaliwa na nakala za vitu ambavyo tayari vimeshushwa. Zimeachwa pale ili zisomwe haraka, na zinaweza kufutwa wakati wowote pasipo hasara. Kwa hiyo SSD iliyojaa asilimia 100 haina shida yoyote. Nimeona mafundi wakihangaika kuipunguza kana kwamba ni simu iliyojaa picha. Usiguse. Kinachokuhusu ni deni tu, na linaonekana hapa:

```
cat /sys/block/bcache0/bcache/state
cat /sys/block/bcache0/bcache/dirty_data
cat /sys/block/bcache0/bcache/cache/cache_available_percent
```

Ya kwanza hujibu `clean` kama hakuna deni, `dirty` kama lipo. Ikijibu `inconsistent`, acha kila kitu, usiandike chochote kwenye seva hiyo mpaka ujue kilichotokea. Ya pili hutaja ukubwa wa deni. Ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote, na ndiyo watu huisoma vibaya: ni asilimia ya SSD ambayo haina deni, iwe tupu au ina nakala zinazofutika. Nitaiita nafasi huru.

Usishangae nafasi huru ikipungua haraka kuliko deni linavyoongezeka. `bcache` hugawa SSD katika vijisehemu, na kijisehemu chenye hata punje moja ya deni huhesabiwa chote kuwa kimeshikwa.

Mipaka miwili ambayo hukuambiwa

Hapa ndipo jibu la zile dakika ishirini lilipokuwa limejificha. `bcache` haisubiri deni lifike asilimia 100. Sehemu iliyoshikwa ikipita asilimia 40, maandishi ya kawaida hayaruhusiwi tena kukaa kwenye SSD kama deni: lazima yafike kwenye diski kwanza ndipo yahesabiwe kupokelewa. Ni yale tu ambayo programu imesisitiza yahifadhiwe papo hapo, pamoja na kumbukumbu za mfumo wa faili wenyewe, yanayoendelea kupokelewa na SSD kama deni. Ikipita asilimia 70, hata hayo hunyimwa nafasi. Kwa maneno mengine, nafasi huru ikishuka chini ya 60 umeanza kuumia, na ikishuka chini ya 30 ni kama SSD haipo.

Basi SSD yangu ya GB 240, kwa deni la kawaida, ilikuwa na GB 96 tu. Chukua kalamu. Waya wa gigabiti moja huleta takriban MB 110 kwa sekunde. Diski zangu zilikuwa zikilipa deni kwa MB 34 kwa sekunde (nitaeleza nilivyopima). Tofauti ni MB 76 kila sekunde inayorundikana. GB 96 ukigawa kwa hiyo unapata sekunde 1,263, yaani dakika 21. Mzee alikuwa sahihi kuhusu saa, alikosea kuhusu mgonjwa.

Pima kabla ya kubadilisha chochote

Unahitaji namba mbili: kinachoingia na kinachoshuka. Kinachoingia kitazame Jumamosi yenyewe, wala si Jumanne asubuhi seva ikiwa imetulia. Weka kifurushi cha `sysstat`, kisha:

```
iostat -xm 5
```

Safu ya `wMB/s` kwenye mstari wa SSD ndiyo mvua inayoingia tangini. Safu ya `%util` kwenye mistari ya diski kubwa itakuonyesha kama zinahema.

Kinachoshuka kipime watu wakishaondoka, SSD ikiwa bado na deni:

```
echo 0 > /sys/block/bcache0/bcache/writeback_percent
watch -n 60 cat /sys/block/bcache0/bcache/dirty_data
```

Sifuri hapo maana yake ni "lipa kwa nguvu zote, usijizuie". Mimi nilianza na GB 40 na zikaisha ndani ya dakika 20, ndiyo ile MB 34 kwa sekunde. Kama ulitarajia namba kubwa kuliko hiyo kwa diski nne, kumbuka ni RAID 5: andiko dogo lisilojaza safu nzima hulazimu mfumo kusoma data ya zamani, kusoma hesabu ya ulinzi, kuandika data mpya, kuandika hesabu mpya. Kazi nne kwa jambo moja. Na kadi tatu zikimwagwa kwa pamoja, vipande vyake huchanganyikana kwenye SSD, hivyo diski hurukaruka badala ya kuandika kwa mfululizo.

Usiingize kwenye kache kisichohitaji kache

Hii ndiyo hatua iliyoniponya, na ningekuwa mwaminifu ningeiweka ya kwanza na kufuta nyingine zote.

`bcache` ina kichujio kinachoitwa `sequential_cutoff`. Ikigundua kwamba kuna mtu anaandika kitu kirefu kwa mfululizo, kikipita MB 4, inaacha kukipitisha SSD na kukipeleka kwenye diski. Ndivyo ilivyo tangu kuwekwa. Mimi, kwa ujuaji, nilikuwa nimesoma mahali kwamba kuandika sifuri hapo "kunaongeza kasi", nikakizima. Kuanzia siku ile kila dakika ya video ya mazishi ikawa inapitia SSD, wakati diski nne zikiandika kwa mfululizo zinaweza kuimeza gigabiti nzima ya waya zikiwa zimelala. Diski moja ya kisasa peke yake huandika mfululizo MB 150 kwa sekunde au zaidi. Waya ulikuwa mwembamba kuliko diski tangu mwanzo! SSD haikuwa na lolote la kuongeza kwenye video.

Inachofaa ni vitu vidogovidogo vinavyorukaruka: faili za mradi zinazojihifadhi kila dakika, vijipicha, katalogi ya picha, hifadhidata. Rudisha kichujio:

```
echo 4M > /sys/block/bcache0/bcache/sequential_cutoff
```

Jumamosi iliyofuata GB 450 za matukio matatu ziliingia, na deni halikuwahi kufika GB 10.

Kuna wanaohitaji kweli kupitisha vitu vikubwa kwenye SSD: mwenye waya wa gigabiti kumi, au mwenye wahariri wanane wanaoandika kwa pamoja kiasi kwamba mfululizo wa kila mmoja unavunjwa na wa mwenzake. Hao wapandishe hadi 16M au 64M na kupima upya, wasikimbilie sifuri.

Weka kiwango cha deni, na mlinzi wake

`writeback_percent` ni kiwango cha deni ambacho `bcache` hujitahidi kukizunguka. Ikiwa chini yake, hulipa kwa uvivu. Ikipita, huongeza kasi. Kiwango cha kuanzia ni 10, na hairuhusu zaidi ya 40. Mimi hutumia 20 mchana, kwa sababu wahariri wakisoma video huku diski zinashushiwa deni, picha hukwamakwama kwenye skrini. Usiku naweka sifuri.

Skripti hii naiita `deni-la-kache`, iko `/usr/local/sbin`:

```
#!/bin/sh
B=/sys/block/bcache0/bcache
huru=$(cat $B/cache/cache_available_percent)
deni=$(cat $B/dirty_data)
echo "$(date '+%F %H:%M') huru=$huru deni=$deni" >> /var/log/kache.log

case $(date +%H) in
  02|03|04|05) echo 0 > $B/writeback_percent; exit ;;
esac

[ "$huru" -lt 70 ] && echo 0 > $B/writeback_percent
[ "$huru" -gt 90 ] && echo 20 > $B/writeback_percent
```

Kwenye `crontab` (ratiba ya kazi za seva) ya `root`:

```
*/5 * * * * /usr/local/sbin/deni-la-kache
@reboot sleep 60; echo 4M > /sys/block/bcache0/bcache/sequential_cutoff
```

Pengo kati ya 70 na 90 limewekwa makusudi, ili skripti isiwe inawasha na kuzima kila dakika tano. Mstari wa `@reboot` nao una sababu: hali ya `writeback` hukumbukwa kwenye diski yenyewe, lakini namba nyingine ulizoandika hupotea seva ikizimwa, na stima ya hapa haikosi kuizima. Na kumbuka seva haijui saa zetu: saa 8 usiku kwake ni 02. Nilishawahi kukosea hapo, deni likawa linalipwa saa 8 mchana wahariri wakiwa kazini.

Faili ya `kache.log` isome kila Jumatatu. Ukiona nafasi huru inashuka chini kidogo kila wiki bila kazi kuongezeka, mara nyingi diski moja ya RAID imeanza kuzeeka na kuwachelewesha wenzake.

Walio kwenye LVM

Kama ulitumia `lvconvert --type writecache`, hesabu ni hiyohiyo, majina tofauti. Huanza kushusha SSD ikijaa asilimia 50 na kuacha ikirudi 45. Viwango hivyo vinaitwa `high_watermark` na `low_watermark`:

```
lvs -o+writecache_total_blocks,writecache_free_blocks,writecache_error
lvchange --cachesettings 'high_watermark=30 low_watermark=10' vg0/data
```

Badilisha `vg0/data` iwe jina la kwako. `writecache_error` ikiwa si sifuri, ni dharura.

Kuna kache nyingine usiyoiona

Kabla data haijafika hata kwenye SSD, hukaa kwenye RAM. Linux huruhusu hadi asilimia 20 ya kumbukumbu iliyo wazi ishikilie maandishi yasiyohifadhiwa, na kipande kinaweza kusubiri sekunde 30 kabla ya kuhesabiwa kuwa kimechelewa. Kwenye seva ya GB 16 hiyo inakaribia GB 3, sawa na karibu nusu dakika ya waya uliojaa. Stima ikipotea wakati huo, hizo zimekwenda na hazirudi. Tazama:

```
grep -E 'Dirty|Writeback:' /proc/meminfo
```

Nimeipunguza kwa faili `/etc/sysctl.d/90-kache.conf`:

```
vm.dirty_background_bytes = 268435456
vm.dirty_bytes = 1073741824
```

Kisha `sysctl --system`. Hizo ni MB 256 na GB 1. Mbali na usalama, inasaidia SSD kupokea mzigo kidogokidogo badala ya kumwagiwa furushi zima. Kwenye Samba, acha `strict sync` (inayohakikisha data imefika diskini programu inapoomba hivyo) ilivyo. Tangu toleo 4.7 huwa `yes`, na wanaoshauri uizime kwa ajili ya kasi hawatakuwepo siku utakapomweleza mama wa bwana harusi.

Stima

Mvua za jioni kutoka ziwani huja na radi, na umeme ukiyumba mara tatu ndani ya saa moja hakuna anayeshangaa. Jambo la kutuliza moyo: deni lililo kwenye SSD halipotei stima ikikatika. Seva ikiwaka, `bcache` huendelea ilipoishia. Huhitaji UPS (betri ya akiba) ya kutosha kulipa deni lote. Unahitaji ya kutosha kuzima kwa utaratibu, dakika tano hivi. Unganisha UPS kwa waya wa USB, weka programu ya NUT, na hakikisha inasomeka:

```
upsc ups@localhost battery.charge
```

(`ups` ni jina uliloipa UPS yako kwenye `ups.conf`.) Kisha siku moja, watu wakiwa wamekwenda nyumbani, chomoa UPS ukutani na usubiri. Kama seva haikujizima yenyewe kabla betri haijaisha, huna UPS, una tofali zito.

Kinachopoteza data ni SSD yenyewe kufa ikiwa na deni. Ukiwa na SSD moja tu katika hali ya `writeback`, ile RAID 5 uliyoigharamia hailindi kitu kilicho njiani. `bcache` yenyewe haitunzi nakala mbili, hivyo zifunge SSD mbili kwa RAID 1 ya `mdadm` (data ileile kwenye zote mbili) kwanza, ndipo ufanye hiyo kuwa kache. Nunua za chapa mbili tofauti, maana mapacha wakibeba mzigo sawa huweza kuchoka pamoja. Kama fedha ni ya SSD moja tu, rudi kwenye hali salama, ambapo data huandikwa kote kabla ya kupokelewa:

```
echo writethrough > /sys/block/bcache0/bcache/cache_mode
```

Deni la zamani litaendelea kulipwa taratibu. Subiri `state` iseme `clean` kabla ya kuamini kwamba limekwisha.

Na kwa wanadamu, studio ina sheria moja niliyoibandika mlangoni baada ya kijana mmoja kufuta kadi huku faili zake zikiwa bado kwenye RAM na stima ikaenda: kadi haifutwi mpaka kesho yake. Kadi ni rahisi kuliko kumwomba mtu azike tena.

Uchakavu

SSD ya kuandikiwa kila siku huisha. Kama yako imeandikiwa TBW 80 (jumla ya TB inazoahidiwa kuandikiwa maishani) na unaipitishia GB 200 kwa wiki, hiyo ni karibu TB 10 kwa mwaka. Utabadilisha vitu vingine kwanza. Ikipitisha GB 200 kwa siku, ni TB 73, na mwaka hautaisha vizuri. `smartctl -a` itakuambia ilipofika. Unapoipanga mara ya kwanza, acha asilimia 20 bila kugawa, iwe pumzi yake.

Kuitoa bila kulia

Usiing'oe tu. Hata seva ikiwa imezimwa, diski kubwa bila SSD yenye deni ni kitabu kilichochanwa kurasa. Amri hii hulipa deni lote kisha hutenganisha:

```
echo 1 > /sys/block/bcache0/bcache/detach
watch cat /sys/block/bcache0/bcache/state
```

Inaweza kuchukua saa nzima. Ikijibu `no cache`, uko huru. Wahariri wanaweza kuendelea kufanya kazi, polepole kidogo. Ondoa kundi la kache la zamani, zima, badilisha SSD, washa, kisha:

```
echo 1 > /sys/fs/bcache/UUID-YA-ZAMANI/unregister

make-bcache -C /dev/md1
bcache-super-show /dev/md1 | grep cset.uuid
echo UUID-MPYA > /sys/block/bcache0/bcache/attach
```

Mstari wa kwanza ni wa kabla ya kuzima, mitatu ya chini ni ya baada. UUID ni namba ya utambulisho wa kundi la kache. Hakikisha mara mbili kwamba `/dev/md1` ni zile SSD mpya na si diski za data, maana `make-bcache` haina huruma. Iache katika `writethrough` wiki ya kwanza, na uifanye kazi hii Jumatatu. Ijumaa usiguse kitu.